Zamu ya usiku na usingizi wa mchana

Dada yangu, umesema unatoka zamu ya usiku, unavuka feri kurudi Likoni, unalala kwa saa 3 tu, kisha unamfokea mtoto bila sababu na kulia peke yako. Pole sana. Huo si udhaifu, ni mwili unadai haki yake. Mimi pia ni muuguzi, najua.

Anza na mwanga. Jua la asubuhi pale kivukoni huuambia ubongo kumekucha, na melatonini, homoni ya usingizi, hushuka. Vaa miwani ya jua tangu unapotoka hospitalini. Chumbani tundika leso mbili nzito dirishani, washa feni, maana joto letu la Mombasa halimwachi mtu alale. Simu ibaki sebuleni.

Kahawa chungu, kikombe cha mwisho kiwe kabla ya saa saba usiku. Nusu ya kafeini, kile kilichomo kwenye kahawa kinachofukuza usingizi, huwa bado imo mwilini baada ya saa 5 hivi.

Mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Zikikosekana kwa mkupuo, lala 5 ukifika nyumbani na 2 jioni kabla ya zamu. Hapa ndipo nyumba ikusaidie: mwambie mumeo waziwazi kwamba saa nne asubuhi kwako ni usiku wa manane, wageni na watu wa kuuza samaki wasikugongee mlango.

Vidonge vya usingizi usijipe mwenyewe, tafadhali. Na kilio hicho kikizidi wiki mbili, mwone daktari.