Kabla ya programu yoyote, chunguza saa zilizomo kwenye daftari la zamu

Usiziunganishe takwimu hizo bado. Umeandika kwamba tasnifu yako ya uzamili inahusu radi na upepo mkali kwenye laini za kilovolti 33, kwamba umepewa picha za madaftari ya zamu kutoka vituo vya kupoza umeme, na kwamba wikiendi hii utazioanisha na takwimu za hali ya hewa za ERA5, yaani kumbukumbu za dunia nzima zinazokokotolewa na kituo cha utabiri cha Ulaya, ECMWF. Unauliza utumie programu gani, upate wapi mchoro wa uwezekano wa nguzo kuanguka kwa kila kasi ya upepo, na jarida lipi litapokea kazi yako. Hiyo wikiendi ndiyo iliyonishtua, kwa sababu kazi hiyo hiyo niliifanya kwa haraka hiyo hiyo, ikanila karibu mwaka mzima wa masomo pamoja na ada yake.

Takwimu za ERA5 hutolewa kwa kila saa, na saa zake ni za UTC, yaani ziko nyuma ya saa zetu za Afrika Mashariki kwa saa 3. Hilo nililijua, nikapunguza saa 3 kwa kila tukio na kujiona bingwa. Nisichokijua ni kwamba fundi aliyeandika "10:40, laini imekatika, mvua kubwa" alimaanisha saa kumi na dakika arobaini jioni, kama anavyoisema nyumbani kwake, wakati programu yangu ilielewa kuwa ni saa nne na dakika arobaini asubuhi. Tukio hilo la 16:40 lilipaswa kutafutiwa upepo wa 13:40 UTC. Mimi nikalitafutia upepo wa 07:40 UTC, jua likiwa linawaka na mawingu ya radi hayajaanza hata kujikusanya. Kibaya zaidi, fundi aliyepokea zamu aliandika 19:15 kwa mtindo wa saa 24 kwenye ukurasa ule ule, kwa hiyo kosa halikuwa la kurekebishwa kwa kujumlisha 6 kila mahali.

Matokeo yangu yalionyesha kwamba upepo ukizidi, umeme hukatika mara chache zaidi. Kwa hesabu zile ningeweza kulishauri shirika lolote la umeme liombe dhoruba za mara kwa mara ili laini zake zidumu. Mshauri wa takwimu niliyemlipa, mtu mwenye cheti cha kila programu ambaye sidhani kama amewahi kukanyaga kituo cha kupoza umeme, aliniambia kwamba data ni data na kwamba programu itaisafisha yenyewe. Akaifanya isafishe kweli: ilifuta matukio yaliyokaa mbali na mengine kama makosa ya uchapaji, na mengi ya yaliyofutwa ndiyo yaliyokuwa na saa sahihi. Wahakiki wa jarida waliiona kasoro hiyo kabla yetu, wala hawakutumia maneno laini.

Kwa hiyo usifungue programu kabla hujakaa na mtu aliyeliandika daftari, ukurasa kwa ukurasa, mkikubaliana kila zamu ilitumia saa ipi. Kama fundi amestaafu au amehamishwa, tazama safu ya mzigo, yaani kiasi cha umeme kilichokuwa kikitumika. Mzigo wa majumbani hupanda jioni watu wanapowasha taa na kupika, kwa hiyo ukikuta kilele kimeandikwa kwenye mstari wa 2:00, ujue ni saa mbili usiku, maana hakuna mtaa unaopiga pasi saa nane za usiku. Fanya hivyo kwa kila mwandiko, kwa sababu katika daftari moja miandiko hubadilika kila zamu.

Tahadhari hiyo hiyo inahitajika kwenye mvua. Kipimo cha mvua cha siku husomwa saa 3 asubuhi, hivyo mvua iliyoangusha nguzo Jumanne jioni inapimwa Jumatano, na ukilinganisha tarehe kwa tarehe utakuta umeme ulikatika siku kavu. Ukishanyoosha saa ndipo ukumbuke kwamba ERA5 huigawa dunia kwa miraba, na mraba mmoja ni nyuzi 0.25 za latitudo na longitudo, takriban kilomita 28 karibu na ikweta, ilhali mfumuko wa upepo unaoshuka kutoka kwenye wingu la radi unaweza kuwa na upana usiofika kilomita 4. Kasi utakayoisoma humo itakuwa ndogo kuliko iliyoipiga nguzo. Na ule mchoro wa nguzo kuanguka uliouulizia, ukiwa umetengenezwa kwa minara ya chuma ya Uingereza, hauzihusu nguzo za mbao za Mufindi, Iringa, lakini hilo ni tatizo dogo.

Na pale safu ya chanzo cha umeme kukatika inaposema "hali ya hewa" bila neno jingine, muulize fundi alikuwa ameona nini. Wa kwangu alijibu kwamba huandika hivyo kila anapokuwa hajui.