Unataka Kwenda Italia? Anza na Spana

Juzi usiku nimeshafunga duka langu la kutengeneza baiskeli, mikono bado inanuka grisi, simu ikalia. Ujumbe wa kijana wa Mtwapa. Ameona picha zangu za Oktoba, zile za barabara ya vumbi jeupe na miti mirefu iliyosimama kama mishumaa, akaandika: "Kaka fundi, hata mimi naitaka Italia. Nitupie koneksheni."

Nikacheka. Kisha nikakasirika kidogo. Koneksheni! Mimi hiyo koneksheni niliitafuta miaka saba, na nilipoipata ikanizimia simu. Nitawaeleza. Najua mnaosoma hapa wengi mna ndoto hiyo hiyo, basi kaeni vizuri, leo sitaandika kifupi.

Mimi ni mtoto wa Shela, Malindi. Kiitaliano hatukukisomea, tulikiokota ufukweni pamoja na makombe. Huku kwetu hata muuza madafu anajua kusema "buongiorno", habari za asubuhi, na "domani", kesho. Kaskazini kidogo, Ngomeni, Waitaliano walikuwa na jukwaa la kurushia roketi baharini, na Desemba 12, 1970, siku ya Jamhuri, wakarusha setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina la Uhuru. Mzee mmoja wa Kiitaliano aliyewahi kufanya kazi huko ndiye aliyeniharibu akili. Tulimwita Nonno, yaani babu. Alikuwa na baiskeli aina ya Bianchi ya mwaka 1983, ya rangi ile isiyo kijani wala buluu ambayo wenyewe wanaiita celeste. Kampuni hiyo ilianzia Milano mwaka 1885, na Nonno aliitaja tarehe hiyo kama mtu anayetaja mwaka aliozaliwa mamake.

Alinifundisha jambo moja: ukifungua kitu, vipande vipange juu ya gazeti kwa mfuatano uliovifungulia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikaona ni uzee tu. Magoti yalipomshinda akarudi kwao, baiskeli akaniachia. "Siku moja uipeleke nyumbani," akasema. Alifariki kabla sijaipeleka.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Nilimpa wakala elfu sitini za kunitafutia viza. Hadi leo, nikipita mtaa ule, pale palipokuwa na ofisi yake panauzwa chipsi. Jaribio la pili nikajaza fomu mwenyewe, lakini siku tatu kabla ya kuchukua taarifa ya benki kakangu akaniwekea laki mbili ili akaunti ipendeze. Nikanyimwa. Niliumia, nikasema wananionea, nikaandika hapa makala ya hasira ambayo nimeshaifuta. Ukweli ni kwamba hata ningekuwa mimi nimekaa upande wa pili wa kile kioo, ningejinyima. Akaunti inayolala njaa miezi sita kisha ikavimba wiki moja inamdanganya nani?

Mara ya tatu nikapeleka maisha yangu kama yalivyo: kibali cha biashara cha kaunti, taarifa ya benki ya miezi sita yenye vielfu vyake vya pancha, bima ya safari isiyopungua euro 30,000, ada ya euro 90, na karatasi ya usajili wa L'Eroica. Hiyo ya mwisho ndiyo naamini ilinibeba. Sikwenda kuomba kutembea. Nilikuwa na siku, mahali na sababu. Kijana wa Mtwapa, hapo chukua kalamu.

L'Eroica ni nini? Ni msafara wa baiskeli za zamani unaofanyika kila Jumapili ya kwanza ya Oktoba katika mji mdogo wa Gaiole in Chianti, mkoa wa Siena. Ulianza mwaka 1997, lengo likiwa kuziokoa zile barabara za changarawe nyeupe zisimwagiwe lami zote. Sheria zake zinachekesha mpaka uzielewe: baiskeli iwe ya kabla ya mwaka 1987 au ya muundo huo, vijiti vya gia vikae kwenye bomba la chini la fremu, waya za breki zitoke nje ya usukani, na pedali ziwe na vishikio vya chuma na mikanda ya ngozi. Hakuna mshindi. Kwingine baiskeli ya Nonno ingeitwa chuma chakavu. Pale ndiyo pasi ya kuingilia.

Sasa ile koneksheni. Kuna mteja wangu mmoja wa Milano aliyekuwa akija Malindi kila Desemba. Miaka saba nimewatengenezea wanawe baiskeli bila kuchukua senti. Kila akiondoka ananikumbatia: "Vieni, casa mia è casa tua." Njoo, kwangu ni kwako. Nikaja. Nimesimama stesheni ya Milano na boksi la baiskeli lenye urefu kama wangu, napiga simu, inaita, halafu haiiti tena. Jumbe zilisomwa, alama nimeziona kwa macho yangu. Usiku ule nililala kwenye hosteli, chumba cha watu wanane, boksi limeegemea kitanda. Sina kinyongo. Ila Desemba alikuja na baiskeli imepinda rimu, na nilimtoza bei ya mgeni, taslimu, kabla sijaigusa.

Ndugu zangu, ahadi ya mtalii ni kama maji ya bamvua, hujaa sana na huondoka yote. Lipia kitanda chako kabla hujapanda ndege.

Kesho yake asubuhi Milano ikaniomba radhi. Nilikuwa nimeandikiana na fundi mmoja mzee wa fremu, nje kidogo ya jiji, na huyo hakuwa ameniahidi chochote zaidi ya "pita ukiwa karibu". Karakana yake ilikuwa ndogo kuliko duka langu. Jiliwa moja, tupa zimepangwa ukutani kwa ukubwa, tochi ya gesi. Nilikaa pale kwa muda wa saa nne kwenye ndoo iliyofunikwa na sikuomba hata maji.

Alikuwa anaunga mabomba ya Columbus, chuma chembamba cha huko huko Milano ambacho mafundi wa fremu wamekitumia tangu enzi za babu zao. Sisi huku tunapiga weldi: cheche, moshi, kidonda cha chuma, tumemaliza. Yeye bomba aliliingiza kwenye kiungo cha chuma kilichochongwa kama ncha ya jani, akalipaka unga mweupe uliolowa kama uji, kisha akaanza kuuzungusha moto, hautulii mahali pamoja. Macho yake hayakuwa kwenye moto, yalikuwa kwenye rangi ya chuma. Kilipofika wekundu hafifu, kama mbivu ya embe upande wa jua, akagusisha uzi wa fedha pembeni mara moja tu. Fedha ikayeyuka, ikanywewa. Ikaingia yenyewe kwenye ule mwanya, ikazunguka, ikachungulia upande wa pili kama mstari wa wino. Akazima tochi. "Ukiisukuma haiingii," akaniambia. "Chuma kikiwa tayari, huivuta chenyewe."

Niliyapenda maneno yale kuliko picha zote nilizopiga za Duomo, kanisa kuu la Milano. Akaniomba nimwoneshe mikono yangu. Akaitazama, akanipa tupa, nikasugua ukingo wa kiungo kimoja karibu nusu saa. Hakuniambia nimekosea wapi. Akachukua tupa, akapiga mara tatu, akanirudishia. Nikaona mwenyewe.

Safari ya kusini kwa treni siielezi sana, ila faini yangu iwafae wengine. Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa unaigonga muhuri kwenye kimashine cha stesheni kabla ya kupanda. Usipoigonga ni kama hujalipa. Mimi niliiweka mfukoni safi kama cheti cha ndoa, na ile faini ingenilisha siku mbili. Baiskeli kwenye treni hizo unailipia nyongeza kidogo. Kwenye zile za kasi lazima iwe imefunguliwa, ndani ya mfuko.

Nilishuka Firenze siku moja kwa ajili ya Gino Bartali, bingwa wa zamani wa mbio za baiskeli. Makumbusho yake yako Ponte a Ema, kitongoji alikozaliwa. Alishinda Tour de France mwaka 1938, akaishinda tena 1948, na katikati ya hapo vita vikamkuta. Akajifanya anafanya mazoezi, kumbe ndani ya mabomba ya fremu na chini ya kiti amekunja hati za bandia za kuokoa Wayahudi, anazipeleka hadi Assisi. Alikaa kimya juu ya jambo hilo karibu maisha yake yote. Mimi nimemnyooshea jirani usukani tu na mtaa mzima unajua.

Chakula. Wengi mtaruka mpaka hapa, nawajua. Mimi ni Mwislamu, na Toscana, lile eneo lenye Firenze na Siena, ni nchi ya divai na nguruwe, kwa hiyo nilikuwa na hofu. Jifunzeni sentensi mbili: "senza maiale", bila nguruwe, na "c'è strutto?", kuna mafuta ya nguruwe? Niliuliza kila mahali na hakuna aliyenuna. Mama mmoja alitoka jikoni na kifuniko cha sufuria mkononi kunihakikishia kwamba maharage yake yameiva kwa mafuta ya zeituni peke yake.

Mkate wao hauna chumvi. Siku ya kwanza nilidhani mwokaji amesahau. Siku ya pili nikaona umetengenezwa hivyo ubebe chumvi ya vitu vingine: jibini ya kondoo, mafuta mapya ya zeituni yanayowasha koo. Na ribollita! Maana yake "iliyochemshwa tena". Ni maharage meupe, mboga ya majani meusi ambayo kwa sukuma wiki ni binamu kabisa, na mkate mkavu wa jana, vinapikwa leo, vinachemshwa kesho, na vya kesho ndivyo vitamu. Yaani mwiku. Watu wanapanda ndege kutoka Japani kuja kula mwiku kwa kijiko cha mbao, na sisi wali wa mwiku tunaula tumefunga mlango jirani asituone.

Kahawa inywe umesimama kaunta. Ukikaa bei inaweza kupanda. Kikombe ni kidogo kama cha kahawa tungu yetu, ila wao hawana tende wala haluwa pembeni, na hapo tumewashinda. Aiskrimu ya pistashio ikiwa kijani ya kung'aa, pita. Ile ya kweli ina rangi ya kuchusha kidogo, karibu na udongo.

Jumapili yenyewe. Nilijiandikisha njia ya kilomita 80 na ushee, si ile ya 200, mimi si mwendawazimu. Asubuhi baridi kali, watu na sweta za sufu za mbio za zamani, harufu ya mafuta ya kuchulia misuli. Mlima wa kwanza ni ule wa ngome ya Brolio, changarawe nyeupe kati ya miberoshi, tairi la nyuma linateleza ukisimama na ukikaa miguu inaisha. Mtazamaji mmoja akanipigia kelele, "Forza, Girmay!" Yaani kaza, Girmay! Alidhani mimi ni Biniam Girmay wa Eritrea, yule aliyeshinda hatua ya Giro, mbio kuu za baiskeli za Italia, kule Jesi mwaka 2022 na kizibo cha chupa ya ushindi kikamruka jichoni, mbio zikamwishia hapo. Sikumrekebisha. Niliupanda mlima mzima nikiwa Girmay.

Kituo cha chakula, wanagawa mkate uliolowekwa divai na kunyunyiziwa sukari. Mimi nikachukua wa mafuta. Pembeni Mwitaliano mmoja, sweta ya thamani, anataka kulia: gurudumu lake la nyuma limepinda, linasugua breki, naye ana seti nzima ya vifaa asivyojua kuvitumia. Nikaipindua baiskeli, kiti chini. Nikazungusha gurudumu na kutazama mwanya kati ya rimu na mpira wa breki, ndiyo rula yangu. Linagusa kushoto: kaza spoki ya kulia robo ya mzunguko, legeza ya kushoto robo. Zungusha. Tena robo. Usiwe na pupa, spoki haijui kuomba, inakatika tu. Dakika kumi, wazee wawili wenye masharubu wamesimama nyuma yangu hawasemi kitu. Gurudumu lilipozunguka bila sauti, mmoja akauliza nimejifunza wapi. Nikasema Malindi. Akaita wenzake.

Nawaambia bila haya: nilijisikia mkubwa. Kumbukeni hilo mnaponiomba koneksheni. Hakuna aliyeniuliza namjua nani. Nendeni na kitu mnachokijua kwa mikono, kiwe upishi, ushonaji, uvuvi, hata kusuka nywele, mtafunguliwa milango ambayo mwenye kamera haioni. Nyinyi vijana mnataka kufika kabla ya kujua. Haya, nimeshaanza kuhutubu, mke wangu husema ndiyo dalili ya njaa.

Nilimaliza saa kumi kasoro, na pancha moja. Kijitabu cha mihuri ya vituo kimetundikwa dukani juu ya jiliwa. Wateja wanadhani ni kibali cha kaunti.

Kijana wa Mtwapa, mwisho wa ujumbe uliniuliza tairi zile za zamani, zilizoshonewa mpira ndani na kugundishwa kwenye rimu, zinazibwaje pancha. Zinafumuliwa kwa wembe, inchi mbili tu, unaziba, unashona upya kwa uzi wa nailoni kwenye matundu yale yale. Kwa maandishi hutaelewa. Njoo Jumamosi, mapema, na sindano yako.