Watertown: anza na kaunta ya tanuri, meza utazikuta baadaye

Kaka, karibu Watertown, mji mdogo jirani na Boston, Marekani. Umesema unahamia na mkeo na watoto wawili, umesikia mtaa umejaa Waarmenia, na unataka kujua pa kula pa kawaida pasipoumiza mfuko, tena kama mtu aliyelelewa kwa chakula cha Pwani atapata cha kumridhisha. Waliokujibu kabla yangu wanakutuma Boston mjini. Mimi nakuomba ubaki hapo hapo. Nimehudumia wazee majumbani kwenye mitaa hiyo kwa miaka sita, na njaa ya kutoka zamu ya usiku ndiyo iliyonionyesha mlango mmoja baada ya mwingine.

Wageni wengi hutafuta mgahawa wenye meza na mhudumu, wasiuone, kisha waseme hakuna kitu. Chakula kizuri cha Waarmenia wa pale kiko kaunta. Unaingia, unaonyesha kwa kidole, unafungiwa, unalipa, unatoka. Panda basi namba 71 kutoka Harvard, linafuata Mount Auburn Street, shuka Coolidge Square. Utakuta Massis Bakery, Arax Market na Sevan Bakery zimekaribiana kama vibanda vya soko moja. Nilipita miezi mingi bila kujua maana ya majina hayo. Massis ni jina la Kiarmenia la mlima Ararat, Arax ni mto, Sevan ni ziwa. Na huo mlima wenyewe leo uko upande wa Uturuki. Watu wa Yerevan, mji mkuu wa Armenia, wanauona kila siku lakini mpaka umefungwa. Nilipolijua hilo niliacha kuziona kama duka tatu za mikate.

Walifikaje hapo? Mwaka 1896 kilifunguliwa Watertown kiwanda cha Hood Rubber, kikitengeneza viatu vya mpira, na Waarmenia wengi wakapata kazi humo. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1915 waliyofanyiwa Waarmenia kwenye dola ya Osmani, Uturuki ya zamani, wakaja walionusurika, kila mmoja akimfuata ndugu au jirani wa kijijini kwao. Miongo ya baadaye wakaja wengine kutoka Lebanon, Syria na Istanbul. Ukipenda kujua zaidi, jumba lao la makumbusho liko Watertown Square, kwenye Main Street. Ila mimi somo langu nililipata jikoni kwa bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia, aliyezaliwa Aleppo, Syria.

Bibi huyo alikuwa hawezi tena kusimama muda mrefu, kwa hiyo alinituma dukani na karatasi. Nikirudi alikuwa anafungua mfuko, ananusa kwanza, ndipo aseme neno. Alinifundisha kwamba sarma ni majani yaliyoviringishwa na dolma ni mboga iliyojazwa, na alikuwa hapendi kabisa mtu akichanganya. Alikuwa akiuma boereg, kitafunwa cha unga mwembamba kilichojazwa jibini au nyama, anajua mkono wa nani: huu wa Istanbul, huu wa Beirut. Mwanzoni nilidhani ni maringo ya uzee. Baadaye nikakumbuka mama yangu Tanga akionja pilau ya harusini na kusema mpishi katoka wapi, nikamwelewa. Chakula cha mtaa ule si kimoja. Muhammara, rojo la kuchovya mkate la pilipili hoho nyekundu, jozi na shira ya komamanga, ni ya watu wa Aleppo, na wenyewe wanataka ijulikane hivyo. Ukiuliza muuzaji kitu fulani kinatoka wapi, usishangae akiacha kupima akuhadithie.

Sasa vya kununua. Anza na lahmajun, wenyewe pale huandika lamejun. Ni mkate mwembamba kama chapati ya maji, umepakwa nyama ya kusaga ya kondoo au ng'ombe pamoja na nyanya, hoho, kitunguu na majani yanayofanana na kotimiri, ukachomwa kwenye tanuri lenye moto mkali. Wengine huiita pitsa ya Kiarmenia, na ukiila ukitegemea pitsa utakosa utamu wake, kwa sababu haina jibini na haitakiwi kujaza tumbo kwa kipande kimoja. Nunua dazeni. Zinapangwa uso kwa uso, nyama kwa nyama, ili zisishikane na karatasi. Nyumbani pasha kwenye oveni dakika chache tu. Ukizidisha inakuwa kaukau na huwezi kuiviringisha. Kamulia limau nyingi, weka kitunguu kibichi na majani mabichi, viringisha, kula kwa mkono. Zilizobaki ziweke kwenye friza. Januari theluji ikifika magotini na hutaki kutoka, utanikumbuka. Mbali kidogo, Belmont Street, upande wa mji wa Belmont, kuna Eastern Lamejun Bakers ambao jina lao lenyewe linakwambia kazi yao. Nenda huko pia ulinganishe, mimi sitakuchagulia.

Kuhusu ladha za kwetu, ondoa wasiwasi. Ingia Arax, simama tu mbele ya mapipa na mifuko ya viungo: bizari nyembamba, uwatu, habasoda, ufuta, tende, dengu za kila rangi, komamanga zikiwa msimu wake. Mimi siku ya kwanza nilisimama pale nikahisi nimeingia duka la viungo barabara ya kumi na mbili kule Tanga.

Uwatu kwetu ni wa mzazi, anapikiwa ili maziwa yatoke. Wao wanausaga na kitunguu saumu na pilipili wakapata ujiuji mwekundu unaoitwa chaman, wakaipaka nyama ya ng'ombe iliyotiwa chumvi na kukaushwa. Hiyo ndiyo basturma. Inakatwa nyembamba kama karatasi, na mayai ya kukaanga asubuhi hakuna mfano. Lakini nakuonya kwa dhati: uwatu huo unatoka kwenye jasho mpaka kesho yake. Kama una usaili wa kazi Jumatatu, usile Jumapili. Soujouk ni ndugu yake, soseji kavu ya ng'ombe yenye bizari na kitunguu saumu, na hiyo haina adha kubwa hivyo.

Mkate wao wa ufuta nao utakugusa. Si ule wa Unguja wa tui na hamira. Huu unaviringishwa na tahini, yaani ufuta uliosagwa ukawa rojo, na sukari ndani, ukiuma unapata matabaka. Mtu wa Pwani anautambua kwa harufu kabla hajauona. Halafu kuna choreg, mkate mtamu uliosukwa kama nywele za msichana, hasa wakati wa Pasaka. Harufu yake inatokana na mahlab, kokwa ya ndani ya aina ya cheri, iliyosagwa. Ipo kati ya lozi na ua. Bibi yangu yule alikuwa anaumega vipande, wala hakubali nimkatie kwa kisu. Vitamu vingine sitavieleza vyote. Paklava yao, kitamu cha matabaka ya unga mwembamba, nyingi ni ya jozi na mdalasini, na ukilinganisha na halua yetu utaiona haijazidiwa sukari. Chukua vipande vinne tu, onja, kisha urudi.

Umeuliza kama ni halali. Hili nalijibu moja kwa moja kwa sababu nimeona ndugu zetu wakikosea. Chakula kinafanana na cha Waarabu na Waturuki, lakini Waarmenia ni Wakristo tangu zamani sana, na nguruwe wanakula. Mishkaki yao, khorovats, kule Armenia mara nyingi ni ya nguruwe. Usikisie. Uliza nyama ni ya nini na imechinjwa vipi, wauzaji wamezoea swali hilo na hawachukii. Na ukikosa uhakika, kanisa lao limekufanyia wema bila kujua: kwenye mfungo wa Kwaresima wa jadi hawali nyama, mayai wala maziwa, kwa hiyo wana ufundi mkubwa wa vyakula visivyo na mnyama. Sarma za mchele na mafuta ya zeituni zinazoliwa baridi, bulguri, yaani ngano iliyochemshwa ikakaushwa na kuvunjwa, iliyochanganywa na nyanya na kitunguu, na topik, donge la dengu zile kubwa (chickpeas) na viazi lenye kitunguu, zabibu na tahini ndani. Topik si la kila mtu. Mimi lilinichukua mara tatu kulikubali, na sasa nalitafuta.

Mkitaka kukaa kitako na watoto Jumamosi asubuhi, mayai, chapati za maziwa za Kimarekani na kahawa isiyoisha, hapo hapo Mount Auburn Street kuna Deluxe Town Diner, jengo la zamani la mtindo wa dina, mgahawa wa kawaida wa Kimarekani, kelele za familia, hakuna anayekutazama mtoto akimwaga juisi. Ukielekea upande wa Cambridge utafika Sofra, vyakula vya Uturuki na majirani zake. Pazuri, ila kuna foleni na bei imepanda ngazi kidogo. Hapo nenda mgeni akija.

Jambo la mwisho la kutia akilini kabla hujaenda: salamu. Sema "parev". Waarmenia wa kutoka Armenia na Iran husema "barev", lakini wengi wa hapo husema Kiarmenia cha magharibi, watakuitikia kwa "parev" na sura itafunguka. Nami nimeitikiwa hivyo, nikaulizwa natoka wapi, nikasema Tanga, na mzee mmoja nyuma ya kaunta akanikatia kipande cha jibini bila kupima.

Na jibini hiyo ndiyo ya kuwanunulia wanao. Ni nyeupe, imesokotwa kama kamba ya katani, na ndani ina chembe za habasoda. Iloweke kwenye maji baridi kwa muda chumvi ipungue, ipanguse, kisha wape watoto wachambue nyuzi kwa vidole mpaka sahani ijae kama nywele. Ndiyo kazi aliyokuwa akinipa bibi yule kila Ijumaa mchana, mimi na yeye mezani, redio imewashwa, akichungulia sahani yangu na kuniambia nyuzi bado nene.