Jibu: Riwaya zinazogombaniwa maktaba na usingizi wa ukurasa wa 5

Habari ndugu. Umesema kila ukienda maktaba hapa Tabora, riwaya zinazotajwa sana zimeshaazimwa, na ukibahatika kupata moja, ukifika ukurasa wa 5 unasinzia.

Angalia kwanza saa unayosoma. Mimi nilikuwa nasoma saa nne usiku, nimechoka. Nilipohamia alfajiri chini ya mwembe, kabla sijashika simu, kurasa 10 zikawa zinaisha chai haijapoa.

Mwombe mkutubi aandike jina lako, kitabu kikirudi akuwekee. Riwaya iliyonirudisha mimi kwenye kusoma ni Rosa Mistika ya mwandishi Kezilahabi, ya 1971, iliyowahi kupigwa marufuku shuleni. Niliisoma hata kwenye foleni ya maji, ndoo miguuni. Kitabu kikikuchosha, kirudishe bila aibu, chukua kingine.