Wenye 39 wakibisha hodi

Matokeo yakipandishwa kwenye mfumo jioni, kesho yake simu yangu inaanza kulia kabla mwadhini hajamaliza adhana ya alfajiri. "Shikamoo madam, samahani kwa usumbufu." Nikisikia hivyo saa kumi na moja na nusu najua kabisa: huyu ana 39. Mwenye 20 hapigi simu. Mwenye 20 anajijua.

Nafundisha uchumi chuoni hapa Mtwara, huu ni mwaka wa kumi na moja. Wiki iliyopita mwalimu mmoja kijana, ndiyo kwanza anamaliza mwaka wake wa kwanza kazini, alinijia uso umemshuka. Wanafunzi sita walimfuata hadi kijiwe cha bodaboda wakimwambia kawakamatisha, yaani kawafelisha, makusudi. Alichowajibu hakifai kuandikwa hapa. Akaniuliza, "Dada, hivi wewe unawafanyaje hawa?" Tukakaa hadi chai ikapoa. Haya ni yale niliyomweleza, pamoja na machache niliyoona haya kumweleza uso kwa uso.

Kwa wasiojua hesabu zetu: kwetu alama 40 zinatoka kwenye kazi za muhula, yaani majaribio, kazi za nyumbani na zile kazi za vikundi ambazo mmoja anafanya na wanne wanaandika majina. Alama 60 zinatoka kwenye mtihani wa mwisho, UE. Jumla ikifika 40 una C, umepita. Ukiwa na 39 una D, na D maana yake sapu, mtihani wa kurudia. Huku juu nako, 69 ni B+ yenye pointi 4, na 70 ni A yenye pointi 5. Kwa hiyo alama moja si alama moja. Alama moja ni kubaki mjini wakati wenzako wanarudi nyumbani, ni kodi ya chumba huku bumu la mkopo limekwisha, ni kumpigia simu mzee ambaye korosho zake hata mnadani hazijafika. Ukilifahamu hilo, hata lugha unayowajibu nayo inabadilika.

Mimi sikulifahamu mapema.

Mwaka wangu wa tatu hivi, binti mmoja alikuja ofisini akiwa na 38. Hakuja kulia wala kuomba. Alisema tu kwamba mtihani aliujibu vizuri na alama hiyo haielewi. Nilikuwa na karatasi za kozi nyingine mezani, umeme umekatika, joto la Februari la Mtwara mnalijua. Nikamjibu bila kuinua kichwa: "Nimesahihisha vitabu vya majibu mia mbili na kumi. Wote waliofeli wanasema walijibu vizuri." Akasema asante madam, akatoka. Ile asante bado naisikia.

Siku mbili baadaye nikapigiwa simu na namba nisiyoijua.

"Shikamoo mzee," nikasema, maana sauti ilikuwa ya mtu mzima.

"Marahaba mwanangu. Mimi baba yake fulani, nipo huku Newala. Hivi huyu binti umempa daraja la pili kwa nini?"

Nikamweleza kwa adabu kwamba matokeo ni ya binti mwenyewe, ni mtu mzima, sina ruhusa ya kuyajadili na mtu mwingine hata kama ni mzazi. Hapo nilikuwa sahihi, na mpaka leo nafanya hivyo hivyo. Mzee akasema sawa, hataki kujua alama. Kisha akasema hivi: "Mimi nikipeleka korosho ghalani, karani akiniambia hizi ni daraja la pili, anazikata mbele yangu. Naona mwenyewe, hii imeoza, hii imesinyaa. Naweza kununa, lakini kubisha siwezi. Sasa wewe mwalimu, umemkatia?"

Nilikuwa sijamkatia. Nilitoa kitabu chake kwenye furushi nikiwa na hasira za kutaka kumthibitishia mzee wa watu. Maswali manne, kila moja alama 15. Nilikuwa nimempa 5, 7 na 4. Jumla 16, ongeza 22 za muhula, 38. Swali la nne halikuwa na alama yoyote, hata sifuri. Nikafunua tena. Kurasa mbili zilikuwa zimegandana, nami siku ya kusahihisha nilizifunua kama moja. Ndani yake kulikuwa na jibu la swali hilo la nne, limepangwa vizuri, na mchoro umepigwa kwa rula. Lilistahili 13. Binti alikuwa na 51. Alikuwa na B.

Kulirekebisha kulichukua wiki tatu, maana alama ikishapita bodi ya mitihani si mali ya mwalimu tena. Niliandika barua kwa mkuu wa idara, kitabu kikasomwa na mwalimu wa pili, kikarudi kwenye bodi. Ni haki iwe hivyo. Lakini sikusubiri wiki tatu kumwambia binti. Nilimwita siku ileile nikamwambia nimekosea mimi. Akakitazama kile kitabu kwa muda, akasema, "Madam, mimi nilishaanza kudhani lile swali nililijibu ndotoni."

Tangu siku hiyo, kukaa na mwanafunzi juu ya karatasi yake nakuita kumkatia.

Namna ninavyokata ni hii. Siku ya kwanza sikati. Siku ya matokeo ni matanga, na hakuna anayegawa mirathi matangani. Anayepiga simu alfajiri namwambia pole, niandikie, tuonane keshokutwa. Aandike swali gani analolalamikia na kwa nini anaona alistahili zaidi. Nusu yao hawarudi. Waliobaki, wengine wanaandika, "Naomba madam uniangalie kwa jicho la huruma." Hilo si lalamiko, ni ombi, na ni vizuri mwalimu avitofautishe asije akamjibu mwombaji kama mshtaki wala mshtaki kama mwombaji. Mwombaji nampa muda. Namwonyesha pa kurekebisha kabla ya sapu, namuuliza anakaa wapi, kama amekula. Alama simpi. Nikimwongezea moja aliyebisha hodi, nimemdhulumu mwenye 39 aliyekaa kimya kwao Kitangari akiona aibu kuja. Na wapo wengi. Ukiniuliza, wenye haki zao mara nyingi ndio wasiokuja. Wanaokuja kila muhula ni wale wenye midomo.

Ndiyo maana siku hizi, kabla sijapeleka alama popote, natoa vitabu vyote vilivyoishia 39 na 69, nafunika namba za usajili kwa karatasi, navisoma upya. Navijumlisha kwa kalamu, kisha kwa simu. Kama kuna alama niliibana bila sababu, inatoka hapo, wakati simjui mwenyewe. Baada ya hapo 39 ikibaki 39, naweza kumtazama mtu usoni.

Alama za muhula nazo zimalizwe kabla ya UE. Hapa ndipo walimu vijana wanapojichongea. Mtu anakaa na majaribio kabatini hadi mwisho wa muhula, halafu anashangaa watu wanabisha alama 40 na 60 kwa mpigo. Rudisha jaribio ndani ya wiki mbili, wapitie mbele yako, waweke saini kwenye orodha. Na kabla hujarudisha, piga mstari mwekundu kwenye kila nafasi iliyo wazi. Nilijifunza hili kwa kijana aliyeondoka na jaribio lake saa nne, akarudi saa saba na hoja ya nne ambayo eti sikuiona. Wino ulikuwa uleule. Bahati yake mbaya alikuwa ameiandika juu ya tiki yangu.

Mnapokata, usikae mkabala naye kama hakimu. Mwite upande wako wa meza. Anza na mwongozo wa kusahihishia, aone nilitafuta nini, ndipo umpe kitabu chake akisome kwa sauti. Hii ya kusoma kwa sauti imeniokoa kuliko kanuni zote za chuo. Mtu akisoma kimya anasoma alichokusudia. Akisoma kwa sauti anasoma alichoandika.

Kijana mmoja wa Tandahimba, 39, alikaa hivyo ofisini kwangu. Mwezi wa nane, kusi inavuma, vitabu nimevikandamiza kwa jiwe. Swali lilitaka sababu zinazofanya mahitaji ya bidhaa yapande. Alisoma ya kwanza, kipato kuongezeka, sawa. Ya pili, idadi ya watu, sawa. Ya tatu akasoma, "Bei ya bidhaa hiyo kushuka," akaninyooshea kidole tiki isiyokuwepo. Hili ni kosa la kila mwaka. Bei ikishuka, kinachoongezeka ni kiasi kinachonunuliwa. Mahitaji yenyewe hayajasogea, mmeshuka tu kwenye mstari uleule. Nikamchorea. Akautazama mchoro, akasema, "Madam, kwetu kitu kikishuka bei kila mtu anakihitaji." Tulibishana dakika arobaini. Mwishoni nikamwambia kuna njia ya rufaa, ina fomu yake, muda wake na ada yake, na nikamwonyesha pa kuichukua. Msifiche hizo fomu jamani. Mwanafunzi anayejua njia halali ipo wapi hakufuati kwenye bodaboda. Akakata rufaa. Mwalimu wa pili akasoma, ikabaki 39. Akafanya sapu, akapata C yake, na kwetu sapu haikupi zaidi ya C.

Kuhusu zawadi nitasema kwa kifupi. Huku kwetu mtu haji mikono mitupu kwa mkubwa, na mwanafunzi akikuletea kifurushi cha korosho zilizobanguliwa si lazima awe na nia mbaya. Lakini akikuletea wiki ya matokeo, mrudishie, umwambie utazila siku ya mahafali yake. Mimi nimezila nyingi tu siku za mahafali. Na mlango wa ofisi uwe wazi hadi ukutani, hasa ninyi mabwana. Sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamtaja anayetumia mamlaka yake kudai ngono, na mwanafunzi anayetishwa kwa alama anaweza kwenda TAKUKURU bila kumwomba ruhusa mkuu wa idara. Sisemi zaidi. Wanaohusika wanajijua kama mwenye 20 anavyojijua.

Wakija kundi na CR wao, mwakilishi wa darasa, mbele, alama za mtu mmoja mmoja sizijadili hapo. Wala siku hizi sirushi orodha ya matokeo kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022, na hata kabla ya sheria ilikuwa ni kuwavua watu nguo hadharani. Ila kundi likisema swali fulani halikufundishwa, lisikilize. Mara moja nilifungua daftari langu la vipindi kwa kujiamini nikakuta kweli: wiki ile nilikuwa safarini Dar, mada nikaiacha ijisomee yenyewe. Nilipeleka maelezo kwenye idara kabla bodi haijakaa, swali likashughulikiwa kwa wote. Waliokuja walikuwa saba. Walionufaika walikuwa darasa zima.

Yule mwalimu kijana aliniuliza kama nikifanya yote haya hawabishi tena. Wanabisha.

Mwaka jana nilikwenda Feri jioni kutafuta samaki. Boti zilikuwa zimerudi na neema, bei iko chini, watu wamejaa hadi huwezi kupita, mabeseni juu ya vichwa. Nikasikia nyuma yangu, "Shikamoo madam!" Nikageuka. Kijana wa Tandahimba, ana kazi sasa, kanenepa, kashika mfuko wa vibua. Akaonyesha ule umati kwa mkono mzima.

"Bei imeshuka leo, madam. Unaona mahitaji yalivyopanda?"

"Kiasi kinachonunuliwa," nikamwambia.

"Ilikuwa arobaini ile, madam."

"Thelathini na tisa."

Akacheka, akanipokea kapu, akaanza kunipangia bei na muuza changu.