Istanbul Januari na mama: nguo za baridi kwa shilingi elfu nane

Dada, umesema mnakwenda Istanbul wewe na mama, siku tano katikati ya Januari, nyote wawili ni watu wa buibui, na mmetenga shilingi elfu nane za nguo za baridi. Unauliza kama mnunue jaketi zito kila mmoja hapa hapa Mombasa, muwe mmemaliza. Mie huenda huko kuchukua mali ya duka, na safari nyingi huangukia miezi ya baridi, basi nakujibu kwa ninavyofanya mwenyewe: jaketi zito liwe la mwisho. Pesa za mwanzo zipelekeni miguuni.

Ijueni kwanza hiyo baridi. Mchana wa Januari huko huwa kama nyuzi 8 au 9, usiku hushuka hadi 3 au 4, na hiyo ndiyo baridi ya ndani ya friji yako. Theluji huja na kuondoka. Kinachotesa hasa ni mvua na upepo. Pandeni feri ya Eminönü kwenda Üsküdar, mkae nje mpige picha, kisha mtaniambia. Lakini ndani ya hoteli, ndani ya tramu, ndani ya maduka ya Laleli, kuna joto la mashine mpaka unatamani kuvua. Mtu aliyevaa dera na jaketi moja kubwa hana la kupunguza. Atatoka jasho humo ndani, atoke nje amelowa, na mwili uliolowa hupoa upesi sana. Nguo tatu nyembamba zitawafaa kuliko moja nene, kwa kuwa kinachotunza joto ni hewa iliyonaswa baina ya nguo na nguo, na mkiingia ndani mnavua moja.

Ya kugusa mwili isiwe pamba. Kwa joto letu pamba ni raha ya maisha, lakini hunywa jasho ikakaa nalo, na mji ule ni wa vilima, jasho litakutoka hata kwenye baridi. Tafuteni poliesta au sufu. Kabla ya kununua, fungueni makabati ya nyumbani: traki za mpira za vijana, jezi za mikono mirefu, taiti za mazoezi. Chini ya buibui nani ataziona? Hapa sisi tuna bahati kuliko wanaohangaika kupendeza kwenye picha. Traki, juu yake sweta ya sufu, kisha buibui lililo pana kidogo kuliko la kawaida, kisha jaketi. Masikio nayo yana stara tayari: vaa boshori jembamba ndani, ushungi juu yake.

Pindo la buibui ndilo litakalowasumbua. Likiburura kwenye maji ya barabarani hunyonya unyevu mpaka magotini, na mguu wenye nguo mbichi hauwezi kupata joto. Pindeni juu inchi mbili tatu kwa sindano na uzi, mkirudi mtafumua.

Sasa viatu. Raba za kitambaa zisahauni. Nendeni soko la Kongowea mapema, siku ambayo muuzaji anafungua belo la mitumba, mtafute buti fupi za ngozi zenye soli nene ya meno, maana mawe ya njia za Sultanahmet yakilowa yanateleza. Jaribuni mkiwa na soksi nene miguuni. Kiatu kikibana damu haizunguki vizuri, na hewa ya kutunza joto haina nafasi, basi ongeza hata nusu namba. Chagueni chenye zipu ubavuni, si kamba, kwa sababu mtavua na kuvaa kila msikiti mtakaoingia, na mama hatapenda kuinama kila mara. Vipakeni polishi ya kutosha kabla ya kusafiri. Mvua ikizidi, kuna hila ya kuvaa soksi, juu yake mfuko wa plastiki, kisha kiatu. Mifuko ya kubebea tulipigwa marufuku 2017, lakini ya mkate bado ipo.

Kwa kuwa mtaswali njiani: maji ya udhu kwenye mabomba ya nje ni ya baridi kwelikweli, na kurudisha soksi kwenye mguu mbichi ni kujitafutia maradhi. Mnunulie mama khofu, zile soksi za ngozi. Akizivaa akiwa na udhu, msafiri ana siku tatu na usiku wake za kupaka maji juu yake bila kuosha miguu. Masharti yake muulizeni ustadhi wenu. Mnyonge wa baridi atashukuru mno.

Jaketi pia ni Kongowea. Wateja wakubwa wa majaketi mazito mjini kwetu ni vijana wa bodaboda wa usiku, na bei imewekwa kwa mifuko yao. Usimwambie muuzaji kwamba unakwenda ng'ambo! Weka kitambaa mdomoni upulize kwa nguvu. Pumzi ikipita, upepo nao utapita. Dondosha maji juu yake. Yakinywewa papo hapo, liache. Tazama zipu, tazama lastiki ya mikononi, tazama kama lina kofia na linashuka chini ya nyonga. La manyoya ya bata ni jepesi na lina joto likiwa kavu, ila likilowa manyoya hugandamana na joto likaisha. Kwa mvua ya Istanbul nalipendelea lenye poliesta ndani, na hata likifuliwa hukauka haraka na unyevu wetu huu.

Katika hizo elfu nane mie ningetoa kama elfu tatu za pea mbili za viatu, elfu mbili za majaketi, elfu moja ya sweta, boshori, soksi na glavu. Glavu ambazo vidole vinne hukaa pamoja ndizo zenye joto zaidi, kwani vidole hupashana moto. Elfu mbili zilizobaki ziwekeni mkabadilishe pesa. Siku ya kwanza shukeni Mahmutpaşa, ule mtaa wa chini ya Soko Kuu, muulizie termal içlik, zile nguo za ndani za kubana. Wao ndio wanaozishona na wanazivaa wenyewe, na utachagua saizi ya mama huku yuko papo hapo.

Jambo la uwanja wa ndege. Januari ni kaskazi, Mombasa inawaka, na ukivaa yote hayo kutoka nyumbani utafika umelowa jasho kabla ya kupanda ndege. Tokeni na nguo zenu za kawaida. Traki, sweta, soksi nene na mafuta ya mgando ya midomo yawe kwenye begi la mkononi, jaketi mkononi, buti mguuni kwa kuwa ndizo nzito. Badilisheni chooni ndege ikikaribia kushuka, mama kwanza. Usizitie kwenye sanduku la chini, likichelewa kufika mtalingojea mkiwa na madera.