Maswali ya Wasomaji: Wafalme wa Goryeo Walizikwa Wapi?

*SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mpenzi wa tamthilia za Kikorea, hasa zile za enzi za wafalme. Nimeona kila makala ya utalii inayohusu makaburi ya wafalme wa Korea inaonyesha yale ya ukoo wa Joseon tu, yaliyo karibu na Seoul. Lakini Goryeo ilitawala karibu miaka 500 kabla ya Joseon. Wafalme wake walizikwa wapi, na mbona hatuonyeshwi?*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wengi wao wako Kaesong, na Kaesong leo iko Korea Kaskazini, karibu kabisa na mpaka. Kabla ya vita vya 1950 mji huo ulikuwa upande wa Kusini. Vita viliposimama 1953, mstari ukapita kusini yake, na makaburi yakabaki ng'ambo.

Wang Geon alianzisha Goryeo mwaka 918 akaufanya Kaesong mji mkuu. Hadi ufalme unaanguka mwaka 1392, wafalme 34 walikuwa wamekalia kiti, na desturi ilikuwa kuwazika kwenye vilima vinavyouzunguka mji. Waliofuata, ukoo wa Joseon, walihamia Seoul na kuzika huko. Ndiyo maana ya Joseon yanafikika kwa treni na basi, na 40 kati yake yakaingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2009. Ya Goryeo yaliingia 2013, pamoja na mabaki mengine ya Kaesong: kaburi la Wang Geon, la Mfalme Gongmin, na makundi mawili, la Makaburi Saba na la Myongrung. Heshima wameipata, ila watu wanaoruhusiwa kufika pale ni wachache mno.

Ningeambiwa nichague kaburi moja tu la kukueleza, ningechukua la Gongmin, mfalme wa 31, aliyetawala kuanzia 1351 hadi 1374. Alikulia mateka katika makao ya Wamongolia, ambao wakati huo waliiweka Goryeo chini yao, akaozwa binti wa kifalme wa Kimongolia anayejulikana kama Malkia Noguk. Ndoa ilikuwa ya siasa, lakini wawili hawa walipendana kweli. Gongmin aliporudi nyumbani akaanza kuwang'oa Wamongolia, watu wa ukoo wa mkewe, na mkewe akasimama upande wake. Mwaka 1363 wauaji walipomfuata mfalme hekaluni, Noguk aliketi mlangoni pa chumba alimojificha mumewe, asipite mtu. Miaka miwili baadaye alifariki katika uzazi.

Hapo Gongmin akaanza kujenga. Kazi ilichukua karibu miaka saba, na waliomlaumu kwa kumaliza hazina ya nchi hawakuwa wachache. Matokeo yake ni matuta mawili ya duara yaliyo bega kwa bega mlimani, kilomita 13 hivi magharibi ya Kaesong: moja la malkia, jingine la kwake mwenyewe, alilolitayarisha angali hai. Kila tuta limezungushiwa mawe yaliyochongwa na kuwekewa uzio wa mawe. Nje ya uzio wamesimama chui milia na kondoo wa mawe, na ngazi za chini yake wamepangwa maofisa, wa kiraia na wa kijeshi, wakitazamana kana kwamba baraza linaendelea. Ndani ya chumba cha mfalme kuna wasimamizi 12 wa mzunguko wa miaka wa Kiasia, kila mmoja na alama ya mnyama wa mwaka wake, na darini zimechorwa nyota. Waliolichimba kaburi hilo mwaka 1956 waliona kwamba ukuta wa upande wa malkia umeachiwa tundu. Jibu la siku zote ni kwamba roho mbili zipate kupishana. Naliamini jibu hilo, kwa sababu hakuna kazi nyingine ambayo tundu lile lingeifanya.

Wenyeji wana kisa chao pia. Wanasema Gongmin alikwisha kataa maeneo mengi, akaja kijana mmoja mjuzi wa kusoma ardhi. Mfalme akawaagiza walinzi: nikipunga leso kutoka mlima wa pili, muueni huyu. Akapanda, akaona mahali ni pazuri kupita alivyotarajia, na kwa joto la kupanda akatoa leso kujifuta jasho. Walinzi wakadhani ni ishara. Kisa hicho si historia, lakini kinakuonyesha jinsi kuchagua mahali pa kaburi kulivyochukuliwa kwa uzito: mlima mgongoni, maji mbele, vilima viwili kama mikono pembeni. Goryeo iliyaamini hayo tangu mwasisi wake.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma, nalo ni uporaji. Makaburi ya Goryeo yaliwekwa vyombo vya kauri ya kijani, seladoni, ambavyo kwa ufundi wake havikuwa na mfano. Tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, Japani ilipokuwa inaikaba Korea na hatimaye kuitawala, wanunuzi wa seladoni waliongezeka na wachimbaji wakaongezeka nao. Kaburi la Gongmin lenyewe halikusalimika.

Ukifika Makumbusho ya Taifa ya Korea, Seoul, ulizia chupa ya seladoni yenye umbo la tikiti. Nilisimama mbele yake kwa muda mrefu. Ina urefu wa sentimita 23 hivi, mwili umegawanyika kwa mifereji kama tikiti lenyewe, mdomo umepanuka mithili ya ua lililofunguka, na rangi yake si kijani wala si buluu. Haina hata nakshi moja, na haihitaji. Inasemekana ilitoka katika kaburi la Mfalme Injong, aliyefariki 1146. Tunajua hivyo kwa sababu pamoja nayo palikuwa na vibao vya mawe vilivyoandikwa sifa za mfalme na mwaka, navyo viliingia makumbusho wakati wa utawala wa Kijapani kupitia kwa wafanyabiashara. Lakini hakuna mtaalamu aliyeviona vikitoka ardhini. Hakuna aliyeandika chupa ilikaa upande gani wa jeneza, kulikuwa na nini karibu yake, ukuta ulichorwa nini. Bila vile vibao vya mawe, ile ingekuwa chupa nzuri tu isiyo na mwenyewe. Na makaburi mengi ya Kaesong yako katika hali hiyo ya pili: tuta lipo, limefunguliwa, na jina la aliyelazwa ndani halijulikani. Mwizi wa kaburi haibi chombo peke yake, anaiba na ushahidi, na ushahidi haununuliki tena mnadani.

*SWALI: Mwalimu, nimesoma kwamba maiti ya mwasisi wa Goryeo ilihamishwa mara kadhaa. Ni kweli? Nani alithubutu?*

JIBU: Ni kweli, na waliothubutu ni wazao wake mwenyewe, kwa kumhofia adui. Wang Geon alifariki 943. Wakhitani, watu wa nyika za kaskazini, walipovamia mwanzoni mwa karne ya 11, jeneza lake lilitolewa Kaesong likafichwa katika hekalu moja kwenye mlima Bukhansan, ambao leo uko ukingoni mwa Seoul. Hatari ilipopita likarudishwa. Mwaka 1232, Wamongolia walipokuwa wanakuja, serikali nzima ilihamia kisiwa cha Ganghwa, na mwasisi akahamishwa nayo. Mtu aliyeunganisha nchi akiwa hai aliendelea kukimbia vita akiwa marehemu.

Hiyo Ganghwa ndiyo habari njema kwako na kwa yule wa swali la kwanza, maana iko Korea Kusini. Goryeo ilikaa pale hadi 1270, ikilindwa na mlangobahari mwembamba wenye mkondo mkali na matope marefu ambayo farasi wa Kimongolia hawakuyaweza. Waliofariki miaka hiyo walizikwa kisiwani, na makaburi manne yanatambuliwa: la Mfalme Gojong, la Mfalme Huijong aliyekuwa ameondolewa kitini na majenerali, na mawili ya malkia. La Gojong liko msituni mlimani, unapanda kwa miguu kati ya misonobari. Ni dogo. Mtu aliyezoea yale ya Joseon huuliza kama ndilo lenyewe. Lakini katika enzi ya mfalme huyo ndipo maandiko ya Kibudha yalichongwa kwenye vibao vya mbao zaidi ya 80,000, vilivyoko hadi leo hekalu la Haeinsa. Usimpime mfalme kwa ukubwa wa tuta, hasa mfalme aliyezikwa akiwa mkimbizi katika nchi yake.

Kuhusu Wang Geon, nyongeza moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Korea Kaskazini ilipokuwa inalijenga upya kaburi lake, ilichimbuliwa hapo sanamu ya shaba nyeusi ya mfalme ameketi, na taji kichwani, mwili uchi kabisa. Uchi huo haukuwa dharau. Ilikuwa ikivishwa mavazi halisi ya hariri, na mabaki ya nguo yalikutwa. Joseon ndiyo iliyoizika katika karne ya 15, kwa kuwa ibada mpya, ya Kikonfusio, haikutaka sanamu. Mwaka 2006 ilipelekwa Seoul kwa maonyesho, na watu wa Kusini wakaiona kwa macho yao. Chumba cha kaburi nacho kilikutwa na michoro ya msonobari, mianzi na mplamu. Nikiri kwamba majengo mapya yaliyowekwa pale juu hayanipendezi. Ni makubwa kuliko Goryeo yenyewe ilivyokuwa ikizika.

*SWALI: Je, watumishi walizikwa hai pamoja na wafalme hao?*

JIBU: Hapana. Desturi hiyo ilikuwepo katika falme za kale za Korea, lakini Silla, mmoja wa falme hizo, iliipiga marufuku mwaka 502, zaidi ya miaka 400 kabla ya Goryeo.

*SWALI: Mfalme wa mwisho ana makaburi mawili. Lipi ni la kweli?*

JIBU: Unamsema Gongyang. Aliondolewa kitini 1392, akapelekwa uhamishoni, na mwaka 1394 akauawa huko Samcheok, pwani ya mashariki. Kaburi moja liko Samcheok, jingine Goyang, jirani na Seoul. Mwaka 1416 mfalme wa tatu wa Joseon alimrudishia hadhi ya ufalme, na wengi hueleza kwamba alizikwa kwanza alipouawa, kisha mabaki yakaletwa Goyang. Maelezo hayo yananiingia akilini, kwa sababu kumbukumbu za Joseon zinaitaja Goyang.

Pale Goyang mbele ya matuta kuna mnyama mdogo wa jiwe, na wenyeji wanasema ni mbwa wa mfalme aliyewaonyesha watu dimbwi alimozama bwana wake. Kisa hicho hakipatani na kifo cha Samcheok, ila mbwa mwenyewe yupo na unaweza kumgusa. Samcheok nako kuna matuta manne: la mfalme, mawili ya wanawe, na la nne ambalo wengine husema ni la mjakazi, wengine farasi wake. Pande zote mbili zinalindwa na serikali kama kaburi la Gongyang, kwa hiyo ukisafiri, panga kufika kote.